Haitoshi Kusema Jeni Imeharibika: Funzo la Kimeng'enya Kimoja cha Ini

Majibu ya vipimo vya vinasaba mara nyingi huishia kwenye kauli fupi: jeni fulani ina badiliko, kwa hiyo kimeng'enya kinachotokana nayo, yaani protini inayoendesha kazi ya kikemia mwilini, hakifanyi kazi. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaruka hatua yenye maana kubwa kuliko zote kwa mgonjwa. Kati ya herufi moja iliyobadilika katika DNA na mtoto anayeugua kuna protini, na protini hiyo inaweza kuharibika kwa njia nyingi zisizofanana. Inaweza isitengenezwe kabisa, inaweza kutengenezwa ikakatika njiani, inaweza kukamilika ikakosa umbo, au ikawa na umbo zuri lakini ikashindwa kushika kile inachopaswa kukishika. Ninachotetea hapa ni kwamba swali la jinsi kimeng'enya kilivyoharibika lina haki ya kuulizwa mapema na kwa uzito, kwa kuwa mara nyingi ndilo linaloamua kama dawa iliyopo itamsaidia mgonjwa huyu au haitamsaidia. Ugonjwa wa fenilketonuria, unaojulikana kitabibu kwa takribani miaka 90, unalionyesha jambo hilo kwa uwazi usio wa kawaida.

Ugonjwa huu hutokea pale kimeng'enya kiitwacho fenilalanini haidroksilesi, ambacho makazi yake makuu ni ini, kinapokosa nguvu ya kutosha. Kazi yake ni kuigeuza fenilalanini, mojawapo ya asidi amino (vipande vinavyojenga protini) zinazopatikana katika protini tunazokula, iwe tirosini, asidi amino nyingine. Mwili unaihitaji fenilalanini kwa kiasi. Inayozidi lazima igeuzwe, na njia kuu ya kuigeuza ni hii moja tu. Kimeng'enya kikilegea, fenilalanini hujaa katika damu. Kwa mtu asiye na ugonjwa, kiwango chake huwa kwa kawaida chini ya mikromoli 120 kwa lita, ilhali kwa mtoto mwenye fenilketonuria kali ambaye hajatibiwa hupita 1,200. Pigo kubwa huangukia ubongo unaokua, kwa sababu fenilalanini iliyozidi huzinyang'anya asidi amino nyingine kubwa nafasi kwenye mlango wa pamoja wa kuingilia ubongoni, na pia huvuruga utengenezaji wa mielini inayozifunika neva. Mtoto aliyezaliwa bila dalili yoyote ya kuonekana kwa macho hupungukiwa uwezo wa akili katika miezi na miaka yake ya mwanzo, na kilichopotea kwa namna hiyo kwa kawaida hakirudi.

Asbjørn Følling, daktari na mkemia wa Norway, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1934. Alifikia hapo kwa sababu mama mmoja mwenye watoto wawili waliokuwa na ulemavu wa akili hakuridhika kuambiwa kwamba chanzo chake hakijulikani. Følling alitia kloridi ya feri katika mkojo wa watoto hao, ukageuka kijani, naye akaifuatilia rangi hiyo mpaka akaifikia asidi ya fenilipiruviki. Miongo mitatu kabla yake, mwaka 1902, Mwingereza Archibald Garrod alikuwa amekwisha kuandika kuhusu alkaptonuria, ugonjwa unaofanya mkojo uwe mweusi, akionyesha kwamba hitilafu ya kikemia mwilini inaweza kurithiwa kwa kufuata kanuni za urithi za Mendel. Katika mwaka 1953 Horst Bickel na wenzake mjini Birmingham walionyesha faida ya lishe yenye fenilalanini kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Robert Guthrie akabuni kipimo kinachotumia matone ya damu ya mtoto mchanga yaliyokaushwa kwenye karatasi. Jeni yenyewe ilikuwa bado haijaonekana. Kundi la Savio Woo lilifanikiwa kutenga nakala ya maelekezo ya kimeng'enya hicho mwaka 1983 tu. Ni muhimu kuukumbuka mfuatano huu, kwa sababu wapo wanaoongea kana kwamba matibabu yote huanzia kwenye DNA. Hapa lishe ilitangulia ikaokoa akili za maelfu ya watoto. Elimu ya jeni ilikuja baadaye ikiwa na swali jipya, nalo ni kwa nini wagonjwa wenye jina moja la ugonjwa wanatofautiana sana.

Jeni hiyo, inayoandikwa PAH, iko katika kromosomu ya 12. Maelekezo yake yamegawanyika katika eksoni 13, yaani vipande vya jeni vinavyobeba maelekezo ya protini, na huzaa mnyororo wa asidi amino 452. Minyororo minne ya aina hiyo huungana kuwa kimeng'enya kamili. Kila mnyororo una sehemu ya kudhibiti kasi ya kazi, sehemu ya kati ambamo atomu ya chuma hukaa na kazi ya kikemia hufanyika, na sehemu ya mwisho inayouunganisha na wenzake. Pamoja na chuma hicho kimeng'enya kinahitaji oksijeni na kisaidizi kiitwacho tetrahaidrobiopterini, ambacho umuhimu wake ulifichuliwa na kazi ya Mmarekani Seymour Kaufman kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Mabadiliko zaidi ya 1,000 ya jeni ya PAH yamekwisha kuorodheshwa, na zaidi ya nusu yake ni ya aina moja: herufi moja ya DNA imebadilika na kusababisha asidi amino moja ichukue nafasi ya nyingine, huku zile 451 zilizobaki zikiwa sawasawa.

Mtu akiambiwa hivyo, jambo la kwanza analolifikiri ni kwamba mabadiliko yenye madhara yatakuwa yamejazana pale penye chuma. Baadhi yako hapo kweli. Lakini mengi yametapakaa katika mnyororo mzima, mbali na mahali pa kazi, na baadhi ya hayo ya mbali ni makali kuliko ya karibu. Mfano mkubwa ni badiliko liitwalo R408W, linaloongoza kwa wingi katika nchi nyingi za Ulaya ya mashariki. Katika badiliko hili arginini iliyo namba 408 imebadilishwa na triptofani. Namba 408 haipo kwenye chuma. Ipo kwenye kiungo kati ya sehemu inayofanya kazi ya kikemia na sehemu inayounganisha minyororo. Arginini ya asili hushikamana na majirani zake na kukiweka kiungo hicho mahali pake. Triptofani ni kubwa na haina mikono hiyo ya kushikia, hivyo mnyororo unashindwa kujikunja inavyotakiwa, na seli za ini hubaki karibu bila kimeng'enya chochote.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ningependa msomaji akae nalo kidogo. Protini inapotoka kwenye ribosomu, mtambo wa seli unaoitengeneza, huwa ni uzi mrefu usio na faida yoyote. Hupata uwezo wake inapojikunja na kuwa na umbo maalumu, na umbo hilo linashikiliwa na vifungo vingi vidogo vidogo ambavyo kila kimoja peke yake ni dhaifu. Tofauti ya nishati kati ya protini iliyokunjika vizuri na iliyofumuka ni ndogo kwa kustaajabisha. Protini nyingi huishi ukingoni, zikiwa na akiba ndogo tu ya uthabiti. Ukiondoa vifungo viwili vitatu kwa kubadilisha asidi amino moja, huenda usiiguse kabisa sehemu inayofanya kazi, na bado ukawa umeisukuma protini nje ya ukingo huo. Seli nazo zina ukaguzi mkali. Protini saidizi huzipokea protini changa na kuzipa nafasi ya kujikunja, na zile zinazoshindwa hubandikwa alama na kupelekwa kwenye proteasomu, mahali pa kuzivunjavunja. Kwa hiyo katika wagonjwa wengi kimeng'enya hakikupoteza ufundi wake wa kikemia. Kilivunjwa kabla ya kupata nafasi ya kuutumia.

Kauli hiyo inaweza kupimwa, na imepimwa. Watafiti huchukua maelekezo yenye badiliko fulani, wakayaweka ndani ya bakteria au seli zinazokuzwa maabara, kisha wakapima kiasi cha protini kinachopatikana na nguvu yake. Kwa mabadiliko mengi ya PAH, protini inayopatikana ni kidogo, na sehemu yake huwa imegandamana na haifai. Lakini ile chache inayofanikiwa kujikunja huwa na nguvu ya kutosha kiasi cha kushangaza. Zaidi ya hayo, seli hizo zikikuzwa katika joto la chini, tuseme nyuzi 27 au 28 badala ya 37, mabadiliko kadhaa huzaa kimeng'enya kingi zaidi chenye kufanya kazi, kwa kuwa katika joto dogo uzi hupata muda wa kujikunja bila kuvurugwa. Kama hitilafu ingekuwa kwenye kemia yenyewe, kupunguza joto kusingeirekebisha.

Mwaka 1999 Shigeo Kure na wenzake nchini Japani waliripoti wagonjwa wenye mabadiliko ya jeni ya PAH ambao fenilalanini yao ilishuka walipopewa tetrahaidrobiopterini. Hili halikutarajiwa, kwa kuwa wagonjwa hao hawakupungukiwa na kisaidizi hicho. Maelezo yaliyopata ushahidi mwingi zaidi tangu wakati huo ni kwamba kisaidizi kikiwa kingi hujishikiza kwenye kimeng'enya kilicholegea na kukiongezea uthabiti, hivyo molekuli nyingi zaidi hupona ukaguzi wa seli. Kwa mabadiliko mengine kuna nyongeza ya pili, ambapo kimeng'enya kimepoteza mvuto wake kwa kisaidizi na wingi wa kisaidizi unafidia upungufu huo. Dawa iliyojengwa juu ya ugunduzi huo, sapropterini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007 na Ulaya mwaka uliofuata. Haiwasaidii wote. Mgonjwa mwenye badiliko liitwalo Y414C, ambalo huacha kimeng'enya chenye nguvu ya wastani, ana matumaini makubwa ya kunufaika nayo. Mwenye nakala mbili za R408W hawezi kutarajia hivyo, kwani hakuna kimeng'enya cha kushikilia. Wote wawili wana fenilketonuria, na wote wawili wangeandikiwa maneno yale yale ya kwamba jeni yao imeharibika.

Mambo huzidi kuwa magumu tukikumbuka kwamba ugonjwa huu humpata aliyerithi nakala mbili zenye kasoro, moja kwa baba na moja kwa mama, na kwamba wagonjwa wengi wana mabadiliko mawili tofauti. Kwa kawaida badiliko lililo jepesi zaidi kati ya hayo mawili ndilo linalotawala hali ya mgonjwa, kwa kuwa hata nguvu kidogo iliyosalia ina thamani. Lakini kimeng'enya hiki huundwa na minyororo minne, na minyororo inayotoka kwenye nakala mbili tofauti huweza kuungana pamoja. Mnyororo dhaifu unaweza kumzuia mwenzake mwenye nafuu, au kinyume chake. Kwa hiyo kujumlisha nguvu ya badiliko la kwanza na la pili kama hesabu ya darasani hakutoi jibu sahihi nyakati zote.

Kuna pia watoto ambao fenilalanini yao ni ya juu huku jeni yao ya PAH ikiwa nzima. Kwa baadhi yao tatizo liko kwenye jeni za kutengeneza au kurejesha tetrahaidrobiopterini, na hao lishe peke yake haiwatoshi, kwani kisaidizi hicho kinahitajika pia katika utengenezaji wa dopamini na serotonini. Mwaka 2017 ikabainika njia nyingine: mabadiliko katika jeni iitwayo DNAJC12. Jeni hiyo hutengeneza mojawapo ya zile protini saidizi nilizozitaja, inayoshirikiana na wenzake kukikunja kimeng'enya cha PAH na ndugu zake wawili wanaohusika na dopamini na serotonini. Jeni ya kimeng'enya haina kasoro, kisaidizi kipo, na bado kimeng'enya hakisimami kwa sababu msaidizi wake wa kujikunja amekosekana. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huu wa kuonyesha kwamba kujikunja kwa protini ni sehemu ya ugonjwa sawa na jeni yenyewe.

Mantiki hiyo hiyo imevuka mipaka ya ugonjwa mmoja. Katika ugonjwa wa Fabry, ugonjwa mwingine wa kurithi ambao kimeng'enya chake hufanya kazi ndani ya lisosomu (kifuko cha seli cha kuvunjia taka), dawa ya migalastati iliidhinishwa Ulaya mwaka 2016. Kwa asili yake ni kizuizi: hukaa pale pale ambapo kimeng'enya hufanyia kazi. Ikitolewa siku moja na kuachwa siku inayofuata, hukishikilia kimeng'enya mpaka kifike kwenye lisosomu, kisha hukiachia. Na hutolewa kwa wale tu ambao badiliko lao limepimwa na kuonekana kwamba linaitikia. Huu ni mfano wa wazi wa dawa isiyoweza kuandikwa kwa jina la ugonjwa pekee.

Upande wa pili wako wale ambao hawana protini ya kushikiliwa. Badiliko linaweza kuweka alama ya kusimama katikati ya maelekezo, mnyororo ukakatika. Au linaweza kuwa nje kabisa ya eksoni, kama lile la jeni ya PAH linaloonekana sana katika nchi za Mediterania, ambalo huifanya seli iunganishe eksoni mahali pasipofaa na kuchomeka asidi amino tatu za ziada. Kwa watu kama hao dawa ya kuongeza uthabiti haina pa kuanzia. Mwezi Mei 2025 madaktari wa Philadelphia waliripoti kumtibu mtoto mchanga mwenye upungufu mkali wa CPS1, kimeng'enya cha ini kinachosaidia kuondoa amonia mwilini. Moja ya nakala zake ilikuwa na alama ya kusimama mahali pasipotakiwa, nao walitengeneza kihariri kinachobadilisha herufi moja ya DNA kwa ajili ya badiliko lake peke yake na kukipeleka kwenye ini ndani ya chembe ndogo za mafuta. Baada ya hapo aliweza kuvumilia protini zaidi katika lishe yake na dozi ya dawa zake ikapunguzwa. Ni mapema mno kusema njia hiyo itafika wapi, lakini uteuzi wake ulitokana na kujua hasa kilichoharibika.

Wapo wanaoweza kupinga msisitizo huu wote. Watasema kwamba lishe ni ile ile kwa kila mgonjwa, basi ugomvi kuhusu aina ya badiliko unamsaidia nani? Tena kuna pegvaliesi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa watu wazima, ambayo ni kimeng'enya kingine kabisa chenye asili ya bakteria, huchomwa chini ya ngozi na kuivunja fenilalanini bila kujali mgonjwa ana badiliko gani. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Pegvaliesi ina hatari ya mzio mkali na haiwafai wote. Na lishe hiyo inamtaka mtu aache karibu vyakula vyote vyenye protini nyingi, vikiwemo nyama, samaki, mayai, maziwa na maharage, aishi kwa kupima kila anachokula na kunywa mchanganyiko wa asidi amino usio na fenilalanini, si kwa mwezi mmoja bali kwa maisha yake yote. Kwa mtu wa namna hiyo, tofauti kati ya kimeng'enya kisichokuwepo na kilichobaki na sehemu ya nguvu yake ni tofauti ya kile anachoweza kula kila siku. Kwa mwanamke mwenye ugonjwa huu anayetaka kupata mtoto uzito huongezeka, kwani fenilalanini ya damu yake huvuka kondo na inaweza kuuharibu ubongo na moyo wa kijusi, hata kama kijusi hicho hakikurithi ugonjwa.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi, nalo ni kwamba badiliko halitabiri kila kitu. Watu wenye mabadiliko yale yale huweza kutofautiana. Nakubali. Hata hivyo, njia ya kuupunguza utata huo ni kupima zaidi kile ambacho badiliko hufanya kwenye protini, na hapo ndipo kazi imebaki nyuma. Kusoma DNA kumekuwa rahisi sana ukilinganisha na kutengeneza protini yenye badiliko, kuipima uthabiti, na kuijaribu pamoja na kisaidizi chake. Matokeo yake ni orodha ndefu za mabadiliko yanayoandikwa kwamba maana yake haijulikani. Tena hazina za takwimu za vinasaba zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo mtu wa asili nyingine ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa jibu lisilosomeka. Naliona hilo kuwa dhuluma, japo halikukusudiwa na mtu yeyote. Fedha za utafiti zinazoelekezwa kwenye kusoma DNA za watu wengi zaidi zinapaswa kuambatana na fedha za kupima protini, la sivyo tutaongeza majibu ya aina hiyo na kuwakabidhi wazazi.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 kuhusu fenilketonuria unaonyesha jinsi maarifa hayo yanavyoweza kutumika kliniki. Mgonjwa ambaye nakala zake zote mbili hazizai kimeng'enya haelekezwi kwenye jaribio la tetrahaidrobiopterini, kwa hiyo familia yake haipewi matumaini yasiyo na msingi. Mwenye mabadiliko yanayojulikana kuitikia huweza kwenda moja kwa moja kwenye jaribio la matibabu. Waliobaki hupewa kisaidizi na kufuatiliwa damu yao kwa saa 48. Lakini hakuna kati ya haya kinachomruhusu mtoto mchanga kusubiri: fenilalanini iliyopimwa katika tone la damu ndiyo inayoanzisha matibabu, ambayo yanatakiwa yawe yameanza kabla ya siku ya kumi ya maisha yake, na uchunguzi wa jeni na protini hufuata wakati lishe tayari inaulinda ubongo.